Theluji ya Kibo kwa Mtu wa Tanga: Ogopa Jasho Kabla ya Baridi

Mtu wa Tanga akiambiwa Kibo, kilele kikuu cha mlima Kilimanjaro, kuna theluji, kwanza hukusanya nguo. Huvaa fulana, juu yake sweta, juu ya sweta jaketi, na siku ya safari huanza kupanda kutoka lango la Marangu akiwa amejifunga hadi shingoni. Nusu saa msituni, mgongo wote umelowa. Hapo bado joto lipo, naye hajali, kwa sababu amezoea pwani, ambako nguo ikilowa jasho hukauka mwilini na tena humpoza. Msiba unakuja jioni, jua likishuka na upepo ukianza. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa tupu, na fulana mbichi ya pamba iliyogandamana na mgongo ni maji matupu.

Sisi tunaopeleka watu wa pwani mlimani miezi ya theluji tumeliona hili likijirudia: anayerudishwa na baridi mara nyingi si mwenye nguo chache, ni mwenye nguo mbichi.

Theluji yenyewe haina msimu mmoja. Miezi mikavu, yaani Januari na Februari, kisha kuanzia Juni hadi karibu Oktoba, huweza kuanguka usiku mmoja na kufikia alasiri imeshayeyuka au imepeperushwa. Waja leo waondoka leo, kama tunavyosema kwetu. Masika ya Machi hadi Mei ni jambo jingine. Hapo theluji mpya hulala juu ya ile ya jana na ya juzi, ikavuka kifundo cha mguu, pengine ikafika gotini. Vuli ya Novemba na Desemba iko katikati. Upande wa kaskazini, njia ya Rongai, hupata mvua kidogo kuliko upande wa kusini, na ndiyo sababu wengi huichagua masika.

Ukitaka kujua baridi ya huko ukiwa bado Raskazone, ufukweni Tanga, piga hesabu hivi: kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Tanga ikiwa nyuzi 30, kilele cha Uhuru chenye mita 5,895 kitakuwa karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri mchana wa kawaida. Usiku hushuka hadi 10 au 15 chini ya sifuri. Kisha ongeza upepo: nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi husikia kama nyuzi 20 chini ya sifuri.

Nguo nzuri za kukabili hayo zipo Tanga hapa hapa. Belo za mitumba huja na makoti na suruali za Wazungu wa skii, mchezo wa kuteleza juu ya theluji, na kwa kuwa hakuna mjini anayezihitaji, bei yake si kubwa. Kazi ni kuchagua. Koti la juu, lile la kuzuia upepo na maji, ligeuze ndani nje kabla hujauliza bei. Kwenye mishono utaona utepe mwembamba uliobandikwa. Utepe ukiwa umebanduka kama gamba la kidonda kikavu, au kitambaa cha ndani kikiacha ungaunga mweupe mkononi, liache. Kinga yake imekufa na hakuna fundi wa kuirudisha. Ukiridhika na ndani, weka mdomo kwenye kitambaa upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita, upepo wa Kibo nao utapita. Halafu dondosha maji kidogo begani: yakisimama kama matone juu ya jani la mgomba, zuri, yakizama mara moja, bado linaweza kufufuliwa kwa dawa ya kunyunyizia, ila usilipe sana. Tafuta lenye zipu chini ya makwapa. Zipu hizo ni bora kuliko mifuko sita, maana ndizo zinazotoa jasho bila kukuvua koti.

Jaketi la manyoya ya bata lina mtihani wake. Likunje ndani ya ngumi, libane, liachie. Likiumuka upya ndani ya sekunde chache, manyoya yako hai. Likibaki na mabonge, na ukiliinua kwenye mwanga ukaona sehemu tupu, basi lilifuliwa likakauka vibaya. Linuse pia. Harufu ya ukungu haitoki, na manyoya yaliyooza hayashiki joto. Suruali ya juu itafute yenye zipu ndefu pembeni ya mguu, ili uivae bila kuvua viatu. Kwa nguo za ndani soma lebo: sufu (manyoya ya kondoo) au poliyesta, ndiyo, pamba, hapana, hata iwe nzito kiasi gani. Jinzi ibaki Tanga.

Kuhusu viatu nitakaa kidogo, kwa sababu hapa watu wa pwani wanapata hasara kuliko mahali pengine popote. Kiatu kizuri cha mlimani, cha ngozi, kinachoonekana kipya kabisa, kinaweza kuacha soli njiani siku ya pili. Sababu ni hii: kati ya ngozi na soli ngumu ya chini kuna tabaka la povu laini la kuzuia mshtuko, na kwenye viatu vingi limetengenezwa kwa poliyurethani. Povu hilo huvunjwa na unyevu pamoja na joto, polepole, hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Tanga ina vyote viwili mwaka mzima. Kiatu cha miaka minane kilichohifadhiwa stoo karibu na bahari ni kiatu kilichokufa hata kama kinang'aa. Kipime kwa ukucha wa kidole gumba: bonyeza ubavu wa lile tabaka la katikati, kwa nguvu. Likirudi haraka kama mpira, sawa. Ukucha ukiacha alama, au likimomonyoka kama keki kavu, usikinunue. Halafu kikunje mara ishirini mfululizo ukitazama pale ngozi inapokutana na soli. Mstari mwembamba ukifunguka, umeshapata jibu.

Hata ukiwa na imani na kiatu chako, zungushia mita mbili za utepe wa gundi mgumu kwenye fimbo yako ya kutembelea na weka mita moja ya waya laini mfukoni. Soli ikibanduka Horombo, kambi ya njia ya Marangu, funga waya kwa kupitisha chini ya soli mara mbili mbele ya kisigino na mara mbili nyuma ya vidole, kisha utepe juu yake. Itakushusha mpaka langoni.

Ukubwa nao. Wengi wetu tumekua na kandambili, na mguu uliokua huru ni mpana mbele. Ukiubana, damu haifiki vidoleni, na kidole kisichofikiwa na damu huganda hata ndani ya soksi tatu. Vaa soksi moja nyembamba na moja nene ya sufu, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, kisha kidole cha shahada kiingie nyuma ya kisigino. Kisipoingia, chukua namba inayofuata. Soksi ya tatu usiiongeze. Ndiyo inayoleta baridi.

Vyote hivyo vijaribu kabla. Kutoka Tanga mpaka Lushoto kupitia Mombo ni safari ya asubuhi moja, na msitu wa Magamba uliopo juu ya Lushoto, mwezi Juni au Julai, una ukungu, manyunyu na baridi ya kutosha kukuonyesha koti lako linavuja wapi. Beba kilo 8, tembea saa tatu kupanda, kisha kaa dakika 15 mahali penye upepo bila kuongeza nguo. Ukianza kutetemeka, mgongo wako umelowa, na maana yake ulipanda haraka mno au umevaa kupita kiasi. Usitegemee Lushoto ikuzoeshe hewa nyembamba, kwani iko mita 1,400 hivi na mwili hauanzi kujirekebisha kwa maana mpaka uvuke 2,500. Lakini somo la jasho utalipata lote.

Somo lenyewe liko hivi. Anza kutembea ukisikia baridi kidogo. Baada ya dakika kumi simama, punguza nguo moja, endelea. Ukiona jasho kwenye paji la uso umeshachelewa. Dalili ya kusikiliza ni ule uvuguvugu unaoanza katikati ya mabega. Mwendo uwe ule unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ndiyo maana wagumu, kama wapagazi wa mlimani wanavyojiita, husema polepole tangu hatua ya kwanza hata kwa vijana wenye mapafu ya farasi. Ukifika kambini, ndani ya dakika tano vua fulana uliyotembea nayo na uvae kavu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Fulana ya kulalia haitembei, hata mara moja. Ile mbichi ukaushe kwa kuivaa juu ya kavu, ndani ya flisi, ile sweta laini ya poliyesta, ukiwa unakunywa chai. Ukiitundika nje kwenye kamba asubuhi utaikuta imesimama kama ubao.

Usiku wa kilele, ukitokea kibanda cha Kibo kwenye mita 4,720 hivi, mpangilio unaofanya kazi kwa wengi ni huu: juu, nguo mbili za ndani, flisi moja, kisha koti la upepo, na jaketi la manyoya likae juu kabisa ya begi ili livaliwe kila mnaposimama zaidi ya dakika mbili na kuvuliwa mnapoendelea. Chini, nguo ya ndani moja, suruali ya flisi, na suruali ya upepo. Kichwani boshori, halafu kofia ya koti.

Mikono inataka nidhamu. Vaa glavu nyembamba ndani na zile nene za kuchanganya vidole vinne pamoja juu yake, kwa sababu vidole vikikaa chumba kimoja hupashana moto. Zifungie kamba inayopita mabegani ndani ya koti. Tazama kinachotokea bila kamba: mtu anavua glavu nene ili afungue zipu, anaiweka juu ya jiwe mdomo ukiwa wazi, upepo unapuliza punje za theluji ndani kwa nusu dakika tu. Akiirudisha mkononi, punje zinayeyuka kwa joto la kiganja, kitambaa kinalowa, na kabla ya robo saa maji yale yanaanza kuganda yakiwa yamezunguka vidole. Glavu ikivuliwa iingie kifuani, kati ya flisi na koti. Vidole vikianza kufa ganzi, nyoosha mkono na uuzungushe duara kubwa, kama anayerusha mshipi kutoka gatini, mara thelathini. Damu husukumwa hadi ncha.

Kidole kikigeuka cheupe au kijivu kama nta na hakisikii ukikibana, usikisugue, usikipake theluji, usikisogeze kwenye jiko. Ukikisugua utachana nyama iliyoganda. Kiweke kwapani mwako au mwa mwenzako. Kama ni mguu na bado una safari ya kushuka, usiuyeyushe njiani, kwa sababu kuyeyuka na kuganda tena ni kubaya kuliko kuganda mara moja. Shuka kwanza, kisha uuloweke kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, ukitafuta daktari.

Chupa ya chai ya nyumbani, yenye kioo ndani, haifai mlimani. Itapasuka kwa kugonga jiwe. Nunua ya chuma, ya lita moja, na uipashe kwa maji ya moto dakika tano kabla ya kuijaza. Kumbuka kwamba kwenye kibanda cha Kibo maji huchemka kwa nyuzi 84 au 85 tu, hivyo chai yako inaanza safari ikiwa imepoa kuliko ya Tanga. Chupa nyingine za maji zibebe kichwa chini, maana barafu huanzia juu, na kizibo kitabaki bila kuganda. Ile mifuko ya maji yenye mrija ni mizuri hadi Horombo; usiku wa kilele mrija huganda ndani ya saa ya kwanza, hata ukiupuliza kila baada ya kunywa. Lita tatu hadi nne kwa siku, kwa sababu hewa ya juu ni kavu mno na kila pumzi inatoka na maji yako. Mtu wa pwani haoni jasho, anadhani hapotezi.

Ikitokea mnayeyusha theluji, wekeni maji kidogo ndani ya sufuria kwanza. Theluji kavu juu ya sufuria tupu huunguza chuma na maji yakawa na ladha ya moshi. Lita kumi za theluji mpya hutoa kama lita moja ya maji, kwa hiyo hesabuni gesi mapema.

Chakula cha mfukoni, tende zinashinda vitu vingi vya dukani. Toeni kokwa nyumbani kabisa. Kwa glavu nene hakuna anayeweza kutoa kokwa, na anayevua glavu kwa ajili ya tende atajuta. Mafuta ya nazi acheni. Chini ya nyuzi 24 hivi huwa gumu, na huko juu ni jiwe. Pakeni mafuta ya mgando midomoni na puani, na juu yake kinga ya jua, hata chini ya kidevu na ndani ya tundu za pua, kwani theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miali ya jua kutoka chini. Ngozi nyeusi huungua. Miwani ya jua iwe ya kundi la 4, lenye kioo cheusi zaidi, au la 3 lenye vizuizi pembeni. Anayevua miwani kwa muda wa saa mbili kwa sababu kuna wingu ataanza kulia machozi jioni, macho yakichoma kama yamejaa mchanga wa ufukweni.

Sasa mwili. Kuna mambo ambayo maelezo ya wageni hayatayataja, kwa kuwa hayawahusu. La kwanza ni malaria. Kichwa kuuma, kutapika, kukosa hamu ya kula: hizo ni dalili za maradhi ya mwinuko na ni dalili za malaria pia. Aliyetoka Tanga, Pangani au Muheza anaweza kupanda akiwa na vimelea vilivyoingia wiki moja au mbili nyuma, na homa ikaamka Horombo. Pimeni siku moja kabla ya kuondoka. Mlimani, kichwa kinachouma pamoja na homa na kutetemeka kwa vipindi kisichukuliwe kuwa ni mwinuko peke yake. Mgonjwa ashuke, atapimwa chini.

La pili ni selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande. Hata aliyerithi nusu yake tu, ambaye chini hana shida yoyote, anaweza kupata maumivu makali ya bandama kwenye hewa nyembamba, upande wa kushoto chini ya mbavu. Kwetu pwani hali hiyo si adimu. Kipimo cha damu ni cha siku moja, na ajibiwe na daktari kabla hajalipa ada za hifadhi.

La tatu ni dawa ya asetazolamaidi inayosaidia mwili kuzoea, miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Iko katika ukoo wa salfa. Aliyewahi kubabuka ngozi kwa SP au Septrin amweleze daktari kwanza. Dawa haibadilishi ratiba. Aliyelala usawa wa bahari juzi anahitaji siku ya ziada Horombo, kwenye mita 3,720: apande hadi Miamba ya Punda Milia, karibu mita 4,000, akae kidogo, arudi kulala chini. Safari ya Marangu ya siku tano inayoiruka siku hiyo ni kujinyima kilele kwa fedha chache. Mtu akianza kupepesuka, mwambie atembee mstari ulionyooka mita tatu, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, au akihema akiwa amekaa na kukohoa, anashuka sasa hivi, usiku huo huo, akishikwa pande mbili. Iwe ni ubongo unaovimba au ni baridi iliyoingia mwilini, dawa ya kwanza ni moja.

Theluji sasa, na saa zake. Wenzetu wanaokwenda mwambani kuokota chaza na pweza hufuata maji: huingia yakipwa, hutoka kabla hayajajaa, na hakuna anayebishana na bahari. Theluji ya Kibo ina kupwa na kujaa kwake. Usiku inaganda, changarawe za chini yake zinashikana, na mguu unasimama. Ndiyo sababu ya kuondoka saa sita usiku, si kwa ajili ya kuona jua likichomoza. Jua likitoka saa kumi na mbili na nusu, una saa mbili au tatu hivi za sehemu ngumu. Baada ya hapo uso unalegea, kiatu kinazama, soksi zinalowa, na mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu yanaachia. Mwaka 2006, Januari, mawe yaliyoporomoka kwenye njia ya Western Breach yaliua wapandaji watatu, na njia ikafungwa hadi mwishoni mwa 2007. Wanaopita huko hadi leo huwahi kuvuka kabla jua halijapiga ukuta.

Theluji ikiwa mpya na laini, ongeza saa moja na nusu hadi mbili juu ya zile tano au sita za kufika Gilman's, kituo cha kwanza ukingoni mwa kreta, mita 5,685, na ondokeni mapema kwa kiasi hicho. Wa mbele ndiye anayechoka, hivyo akate hatua 50 kisha asogee pembeni, apite nyuma, wa pili ashike. Kata hatua kwa kupiga ncha ya kiatu mara mbili, usikanyage tu. Wanaofuata waingize mguu katika shimo lile lile. Kila hatua, uzito ukae kwenye mguu wa nyuma ulionyooka goti, pumzi moja, kisha ya mbele. Theluji ya sentimita tano juu ya changarawe legevu inachosha kuliko ya sentimita thelathini, maana unateleza juu ya kitu kinachoteleza. Hapo pitia pembeni kwenye mawe makubwa hata kama njia inarefuka.

Tunaweka saa tatu asubuhi kuwa mwisho. Asiyefika Gilman's wakati huo anageuka, hata kama ana nguvu, hata kama amelipa, hata kama anga ni safi. Wingu hupanda kutoka msituni kila asubuhi, na likifika ukingoni mwa kreta, mbele na nyuma panakuwa peupe pamoja, huoni kiatu chako. Hifadhi alama za njia kwenye simu wakati wa kupanda, na simu ikae kwenye mfuko wa nguo ya ndani. Betri iliyopoa hujizima ikiwa na asilimia 40.

Kutoka Gilman's kwenda Stella, kituo kinachofuata ukingoni, mita 5,750 hivi, watu hudhani kazi imekwisha kwa sababu mwinuko ni mdogo. Kwangu hiki ndicho kipande cha kuogopwa katika miezi ya theluji. Njia inapita ubavuni, nyembamba, mteremko uko upande mmoja, na theluji iliyokanyagwa na waliotangulia imegeuka barafu. Vaeni meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu hapo Gilman's, mkiwa mmekaa, kabla hamjaanza kuteleza. Fimbo ya upande wa juu ifupishwe. Miguu ikanyage bapa, meno yote yaume kwa pamoja. Asiyezoea hukanyaga kwa ukingo kama alivyozoea kwenye tope, na meno mawili hayamshiki.

Kushuka ni kisigino kwanza, goti limelegea, theluji ikiwa imelainika. Ikiwa bado ngumu, hatua fupi na meno yabaki. Gaita, vile vitambaa vinavyofunika kuanzia kiatu hadi chini ya goti, vifungwe upya kabla ya kuanza kushuka, kwani ni wakati wa kushuka theluji inaingia kiatuni.

Kuna vijana wanatuuliza habari za skii, hasa walio na ndugu Ulaya. Kibo iliwahi kuteremkwa kwa skii mwaka 1912, na Walter Furtwängler na Siegfried König. Barafu waliyoiona wao, zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake haipo tena, na theluji ya leo imelala juu ya mawe. Kupanda kwa skii ni jambo la milima yenye theluji nene: chini ya skii hubandikwa ukanda wenye vinyweleo vilivyolala kuelekea nyuma, unaoteleza mbele na kugoma kurudi. Anayealikwa huko ajue kwamba kinachoua si baridi, ni maporomoko ya theluji, na mengi hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, siku moja au mbili baada ya theluji nyingi au upepo mkali. Kila mmoja hubeba redio ya kutafutana, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na beleshi, na wanavuka mteremko mmoja mmoja. Aliyefukiwa akichimbuliwa ndani ya robo saa ana tumaini kubwa. Baada ya hapo tumaini hushuka haraka. Ajifunze kwa mwalimu huko huko, kwa siku kadhaa, kabla hajafuata kundi.

Vifaa vikirudi Tanga, bado unyevu unavisubiri. Toeni insoli, zile soli laini za ndani, viatuni, jazeni magazeti, badilisheni magazeti baada ya muda wa saa sita, vikae kivulini penye upepo, kamwe si juani wala karibu na jiko. Jaketi la manyoya na begi la kulalia visirudi kwenye mfuko wake mdogo. Vining'inizwe vikiwa vimelegea, chumba kisicho upande wa bahari, na kila wiki mbili za masika vitolewe asubuhi ya jua, vipigwe vumbi, virudishwe kabla ya adhuhuri.